Mwaro Akikaa, Msimwite

Ukitaka kumjua Mwaro, mpelekee friji mbovu. Hataifungua. Ataichomeka kwenye umeme, atavuta ndoo, ataifudikiza na kuikalia, kisha atainamisha kichwa kama mtu aliyesikia jirani wakimsengenya. Wewe mwenye friji utasimama hapo ukiwaza samaki wako wanaoharibika, naye wala hana habari na wewe. Akishasikiliza akaridhika atakwambia, "Hii haina gesi," au, "Hii gesi inayo, ila imechoka," na mara nyingi huwa kasema kweli. Iko moja tu ya mama muuza samaki wa Mnarani ambayo aliitangaza kuwa imekufa, nayo mpaka leo yagandisha barafu. Mama huyo hajamsamehe, na akipita karakanani hujifanya anatazama upande wa pili.

Mimi ni Nyaboke, fundi cherehani. Kibanda changu kimepakana na karakana ya Mwaro hapa Kilifi, ukuta ni wa mabati, kwa hiyo akikohoa mimi ndiye nasema pole. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja Malindi kufanya kazi mahotelini, nikazaliwa huko, na siku nikienda kwetu bara shangazi zangu hunicheka wakisema naongea kama niko msikitini. Nashona sare za shule. Na napiga gitaa la besi katika bendi ya Mwaro. Nasema "bendi ya Mwaro" makusudi, ili Joram achukie. Joram ndiye mpiga ngoma wetu, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari hapa mjini, na anaamini bendi ni yake kwa sababu yeye ndiye huhesabu mpaka wengine tuanze.

Bendi inaitwa Mabati Mapya, na tunapiga roki. Najua. Watu wa Kilifi nao walituuliza kwani taarabu ina kasoro gani, na ngoma ya mwanzele ina kasoro gani, mpaka tuje tuwapasulie masikio kwa vitu vya umeme. Mwaro alijifunza gitaa kanisani kijijini kwao, Vitengeni, siku moja akalichomeka kwenye spika iliyochanika, ikatoa mlio wa kukwaruza, naye akaupenda mkwaruzo ule kuliko nyimbo zote alizofundishwa. Basi, ndivyo ilivyoanza. Mtu hapendi kitu kwa sababu.

Albamu yetu ya kwanza tuliirekodi mchana, saa za mapumziko, na kila mtu akarudi kazini kwake. Sijui ilifikaje Nairobi. Vijana wa huko wakaipenda, redio zikaicheza, na kufumba na kufumbua tukaitwa kuzunguka: Nairobi, Nakuru, Eldoret, Kisumu, mpaka Kampala. Joram aliomba ruhusa shuleni. Mimi nilifunga kibanda na kuandika kwa chaki mlangoni kwamba nimesafiri na bendi, na herufi za "bendi" nilizifanya kubwa zaidi. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, ile ya kumsalimia kila mtu kituoni.

Mwaro hakuwa na furaha hiyo, ingawa alibeba mizigo kuliko sisi sote. Ni mtu aliyekulia Vitengeni, mahali ambapo mbwa akibweka unajua ni wa nani. Kwenye nyumba za wageni hakuwa akilala. Alikuwa akishuka kwenye ukumbi na kukaa karibu na friji ya soda, kwa sababu, alisema, hiyo angalau aijua. Tulipofika Eldoret aliniambia kwamba friji zote za njiani zamwuliza swali moja. Nikamwuliza swali gani. Akasema, "Sijui, Nyaboke. Zauliza tu." Tukacheka sote wawili, naye akaenda kufua shati.

Kampala, jukwaa likiwa tayari na watu wamejaa, tulimkuta nyuma ya pazia kwenye kiti cha plastiki. Jasho lilikuwa likimtiririka, vidole vimekakamaa, na pumzi yake ilikuwa fupi fupi, kama ya mtu aliyekimbizwa. Akaniambia kwa upole kabisa, "Nakufa. Mwambie dada Kadzo." Joram alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Hospitalini walimpima kila kitu, kisha daktari akampigapiga begani na kumwambia, "Moyo wako ni mzima." Nikashusha pumzi. Nilipomtazama Mwaro nikaona ameogopa zaidi ya pale mwanzo. Kama moyo ni mzima, basi hicho kinachogonga ni nini?

Tulirudi pwani bila kumaliza safari. Karakana ikafungwa, friji za watu zikasimama kwenye foleni juani, na Mwaro akaenda Vitengeni kwa dada yake akalala akiutazama ukuta.

Sasa lazima nimweleze Kadzo, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi. Kadzo ndiye aliyemlea Mwaro baada ya mama yao kufariki. Analima mahindi na mihogo, ana sauti ya kuita mtu aliye shamba la tatu, na mdomo wake haujui adabu ya kuzunguka. Siku tuliyokwenda kumwona mgonjwa, mimi na Joram tukamwamkia, "Shikamoo dada Kadzo," akaitikia marahaba kisha papo hapo akasema, "Mlimchukua akiwa mzima. Mwaniletea mtu gani huyu?"

Joram akajaribu kueleza habari za uchovu na msongo. Kadzo akamwacha amalize, maana ni mwalimu, kisha akasema, "Ameokota pepo njiani. Miji yote hiyo, vitanda vya watu wote hao. Wataka akose?"

Nimpe haki yake, Kadzo hakumzuia kwenda hospitali. Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka kliniki ya maradhi ya akili mjini, akakaa naye kwenye benchi akamenya machungwa. Daktari wa pale, binti mpole mwenye miwani, aliwaeleza kwamba huo ni ugonjwa wa wasiwasi, na juu yake kuna huzuni nzito iliyokomaa, kwamba una dawa na una mazungumzo, na kwamba unapona lakini hauna haraka. Mwaro akaanza dawa. Baada ya muda akaanza kula, kisha akaanza kuoga bila kuambiwa. Lakini hakuimba. Mtu ambaye alikuwa akiimba hata akitafuta bisibisi alikaa kimya mchana kutwa, na gitaa lake likawa limelazwa juu ya kabati, limefunikwa kwa kanga kama maiti. Samahani, hivyo ndivyo nilivyoliona.

Ndipo Kadzo akasema ataleta kayamba.

Kwa asiyejua, kayamba ni matete yaliyofungwa bapa pamoja na mbegu ndani yake. Ukiitikisa huku na huku inalia kama mvua inayotembea. Wakati wa kumtibu mwenye pepo, wapigaji huketi wakamzunguka mgonjwa na kumpigia nyimbo, wimbo baada ya wimbo, kwa maana kila pepo ana wimbo wake. Mgonjwa hasukumwi wala haitwi. Anangojwa. Ukigongwa wimbo ulio wake, pepo atapanda kichwani, mgonjwa atainuka, na hapo ataulizwa yeye ni nani na anataka nini. Kazi yote imo katika kutafuta wimbo.

Mimi nilikulia katika kanisa lisilotaka kusikia mambo hayo hata kwa mbali, nikamwambia Mwaro waziwazi kwamba sipendi. Yeye alikuwa ameshamwuliza daktari wake. Daktari alimjibu kwamba asiache dawa, asinywe kitu asichokijua, na kama ni kuketi na watu wake wakimpigia ngoma, yeye haoni ubaya. "Dada yangu halali," Mwaro aliniambia. "Yeye akilala, huenda nami nikalala."

Ilifanyika mchana kweupe, kwa sababu mganga aliyeitwa, mwanamke mfupi aitwaye Pola, alikuwa na mwaliko mwingine jioni upande wa Ganze na simu yake haikuacha kulia. Mwaro aliketishwa kwenye mkeka uani, akafunikwa kaniki kichwani. Wapigaji walikuwa jirani zake tu, watu aliowatengenezea redio tangu utotoni. Mmoja wao, mzee mnene mwenye usingizi mwingi, alikuwa kila mara akiwachelewa wenzake kidogo, wao wakishuka yeye ndiye anapanda. Joram alikuwa ameketi karibu nami, na kila mzee yule alipochelewa nilimsikia akisaga meno.

Wakapiga wimbo wa pepo wa Kiarabu. Mwaro kimya. Wakapiga wa pepo wa Kisomali, kimya. Pola akatazama simu yake, akasema, "Mpigieni wa Kimasai." Hata huo haukufaa kitu. Kadzo alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono ameifunga kifuani, na uso wake ulinifanya niombe, kwa Mungu wangu ambaye hakupenda niwe pale, kwamba kitu chochote kitokee.

Wakaanza wimbo mwingine, sijui wa nani. Wenzake yule mzee wakaenda mbele, yeye akabaki nyuma, kisha sijui usingizi ulimchukua vipi, akachelewa mara mbili mfululizo, na kayamba zikatoa mwendo wa kuchechemea, kama mtu mwenye mguu mmoja mrefu anayeteremka kilima. Mkono ukatoka chini ya kaniki. Kisha sauti ya Mwaro ikasema, "Rudia hapo."

Kayamba zote zikanyamaza. Kadzo akashika fremu ya mlango.

Pola aliweka simu chini. Akamsogelea na kumwuliza kwa heshima kubwa, "Bwana, u nani wewe?"

"Mwaro."

"Mwaro twamjua. Wewe uliye juu yake ndiye nakuuliza."

"Hapo alipochelewa," ile sauti ikasema, imeanza kukosa subira. "Nawaomba, arudie hapo, kabla hajasahau."

Pola akageuka kwa watu wote na kutangaza, "Ataka arudiwe."

Vigelegele vikapaa. Sasa, mimi nimecheza na Mwaro miaka mingi. Nimemsikia akisema "rudia hapo" katika mazoezi mpaka nikatamani kumpiga kwa gitaa. Nilijua kabisa huyo hakuwa pepo. Alikuwa mwanamuziki aliyesikia mwendo mzuri. Nikafungua mdomo niwaambie. Joram akanishika kiwiko, akakibana mpaka ganzi, akaninong'oneza, "Nyaboke. Wacha tu."

Mzee akarudia. Ajabu ni kwamba safari hii alichelewa vilevile, pahala palepale. Mwaro akasimama, kaniki ikaanguka, akamwendea mzee na kuchutama mbele yake akiyatazama yale matete. Halafu akaanza kuimba. Hayakuwa maneno, ilikuwa ni sauti tu ya kufuata ule mchechemeo, nzito na yenye kutu, kama friji iliyokaa mwaka bila umeme. Kadzo akakaa chini kwenye kizingiti akalia bila kujifuta. Nami nililia. Joram anasema yeye hakulia, lakini mimi nilikuwa karibu naye.

Pola akatoa hukumu upesi, maana jua lilikuwa linamwacha. Pepo huyu, alisema, ni wa barabarani, mwenye aibu. Hataki mbuzi wala nguo nyekundu. Anataka akiomba kurudiwa, arudiwe. Na mwenyewe akinyamaza, aachwe. "Mwaro akikaa, msimwite," alisema akijifunga leso. "Mzungukeni tu, mpige, mpaka ainuke mwenyewe. Mkimwita atakimbia." Akapanda pikipiki akaenda zake Ganze.

Baadaye nilimwuliza Mwaro kama hakuona vibaya kuwaacha watu wazima waamini kosa. "Walinipigia mpaka nikapata kitu cha kutaka," akasema. "Sijui kosa liko wapi." Daktari wake aliposimuliwa, alivua miwani akaifuta, akasema, "Endelea na dawa," halafu akamwomba amwimbie ule mchechemeo. Mwaro akauimba pale pale kliniki.

Hivyo ndivyo albamu ya pili ilivyozaliwa, nayo tumeiita *Rudia Hapo*. Hatukwenda Nairobi kuirekodi. Tuliirekodi katika karakana, ndani ya chumba tulichokijenga kwa friji zilizokufa, tumezisimamisha zikawa ukuta na kuzijaza vitambaa vyangu ili sauti isirukeruke. Marvin, fundi sauti wetu kutoka Malindi, alisema hajawahi kufanya kazi mahali panaponuka samaki na gundi kwa pamoja. Friji moja nzima tuliiacha iwake, na mlio wake umo ndani ya albamu tangu mwanzo hadi mwisho. Ni ile ya mama wa Mnarani. Alikubali iazimwe kwa sharti kwamba Mwaro akiri mbele ya watu kuwa haikufa, naye akakiri.

Nyimbo zenyewe ni za ile safari. Uko mmoja wa ukumbi wa Eldoret na friji ya soda. Uko wa kiti cha plastiki. Wa hospitali ya Kampala unaitwa "Moyo Mzima", na ndani yake Mwaro anauliza tu lile swali, kwamba kama moyo ni mzima, anayebisha hodi ni nani. Ukisoma maneno utadhani ni albamu ya msiba. Ukisikiliza utaona mguu wako unachezacheza. Mchechemeo wa mzee wa Vitengeni umo karibu kila mahali, na Joram, mtu wa hesabu, ilimchukua majuma kujifunza kuchelewa kama mtu mwenye usingizi. Alikuwa akijifunzia kwenye dawati la walimu, mpaka mwalimu mkuu akamwuliza kama nyumbani kuna amani.

Na tuliweka kanuni ya Pola. Mwaro akikaa, hatumwiti. Zamani tulikuwa tukisimama, tukimpa maji, tukimwuliza una nini, na yeye akizidi kuzama kwa aibu ya kutazamwa. Sasa, katikati ya wimbo, kile kitu kikimjia, yeye hukaa chini. Sisi tunazunguka kwenye kipande kilekile alipotuachia, bila kupunguza wala kuongeza, hadi ajisikie. Marvin haruhusiwi kuzima mashine. Ndiyo maana katika albamu kuna mahali tunazunguka kitu kimoja mpaka msikilizaji anasahau alikuwa anangoja nini, kisha sauti ya Mwaro inaingia tena. Kuna mtu wa Nairobi alituandikia kwamba huo ni uthubutu wa kisanaa. Uthubutu gani? Tulikuwa tunamngoja mtu.

Kabla ya kuitoa tuliijaribu huku huku kwetu, kwa sharti la Mwaro kwamba twende tu mahali ambapo tutarudi kulala nyumbani. Tulipiga Marafa, watembeza wageni wa korongo la huko wakatutaka tuhamie. Tulipiga Kuruwitu, kwenye sherehe ya kikundi kinacholinda miamba na samaki, na pale Mwaro alikaa chini katikati ya wimbo wa pili. Tukazunguka. Wanawake wa Kuruwitu walidhani wimbo uko hivyo, wakaingia katikati na kucheza, na alipoinuka alikuta uwanja umejaa. Njiani kurudi aliomba tusimame tununue madafu. Nikajua tumefika mahali.

Lakini uzinduzi ulikuwa jambo jingine. Ulikuwa Jumapili alasiri, kwenye uwanja wa shule ya Joram, na watu walitoka hadi Mombasa. Alikuwepo pia kijana mmoja aliyetaka kutuzungusha tena bara. Juma lile Mwaro alikuwa akitengeneza friji yangu, akasema bila kuinua kichwa, "Nyaboke, mazoezini ni sawa, na Kuruwitu walikuwa wakicheza. Huku kwetu watu watakuwa wakinitazama mimi. Nikikimbia jukwaani mbele ya Kadzo, naacha kuimba. Friji zanitosha." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayekuambia vipuri vimekwisha, na hilo ndilo lililoniuma. Nilitaka kumgombeza. Nikakumbuka kanuni, nikaendelea kukunja sare.

Siku ile watu wa Vitengeni walifika mapema wakakalia viti vya mbele ambavyo Joram alikuwa amevitenga kwa ajili ya walimu. Kadzo alikuwa katikati yao amevaa gauni nililomshonea, la kitenge cha buluu, na pembeni yake yule mzee wa kayamba, tayari anasinzia. Pola naye alikuja, simu mkononi. Mwaro alipanda akiwa amevaa shati alilolifua mwenyewe. Wimbo wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda vizuri kuliko wa kwanza, na watu wakaanza kuimba nasi.

Tulipofika kwenye "Moyo Mzima", baada tu ya lile swali, nikaona vidole vyake vinakakamaa kwenye gitaa. Akatazama watu. Akatazama ngazi za jukwaa, zile za kushukia. Nilizitazama nami.

Mwaro akakaa chini. Palepale mbele ya kipaza sauti, kwenye mbao, akaegemeza paji la uso kwenye gitaa.

Joram akaendelea, nami nikaendelea. Tukazunguka. Nyuma uwanjani watu wakaanza kunong'ona, simu zikainuliwa, na kijana wa bara nikamwona anamwinamia jirani yake kuuliza. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mwaro, amka." Na mwingine naye akachukua, "Mwaro." Nilijua wakizidi kumwita ataziendea zile ngazi, na mimi nimeshikilia gitaa la besi, siwezi kumziba mtu mdomo.

Kadzo alisimama. Nikadhani anakuja jukwaani, nikasema moyoni, dada, tafadhali usimguse. Hakuja. Aliwageukia watu, uwanja mzima, na ile sauti yake ya shamba la tatu ikasema, "Haitwi huyo. Pigeni makofi." Akaanza yeye. Watu wa Vitengeni wakafuata mara moja, bila kuuliza, kwa kuwa wao wanajua kumngoja mtu; wamefanya hivyo maisha yao yote. Makofi yao yalichechemea sawasawa. Wanafunzi wa Joram wakayashika, kisha wa nyuma wakayashika, na mwisho uwanja mzima ulikuwa unazunguka pamoja nasi. Hakuna aliyeita tena jina lake. Simu zilikuwa zimeshuka, maana huwezi kupiga makofi na kushika simu. Hata Pola aliiweka yake kwenye mapaja.

Mikono ya Joram ilianza kuchoka, nikaisikia. Nami kidole kilikuwa kinawaka moto, kikateleza, nikaingia kwa kuchelewa, nikachelewa tena nilipojaribu kujirekebisha. Nilijilaani.

Mwaro aliinua kichwa. Hakutazama watu wala zile ngazi. Alinitazama mimi, macho mekundu, na kwa sauti ambayo kipaza sauti kiliidaka na kuipeleka hadi kwa Kadzo, akasema, "Nyaboke. Rudia hapo."

Nikarudia, naye akasimama.